Somo: Kuanza kazi ya ukocha wa mazoezi na lishe Mtwara, kuanzia mteja wa kwanza

Wakuu, kila wiki swali ni lile lile: "Nina mwili mzuri, nianzeje kulipwa?" Nimeliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Hatua ya 1. Soma kozi yenye mtihani wa vitendo, pamoja na huduma ya kwanza. Mwili wako si cheti.

Hatua ya 2. Namba ya mlipakodi (TIN) kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA), leseni ya biashara kutoka halmashauri.

Hatua ya 3. Nunua mizani ya jikoni, mizani ya mwili, futi ya fundi cherehani, kamba ya kuruka, na mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu. Vyuma vitasubiri.

Hatua ya 4. Presha kabla ya jasho. Mteja akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Pima mara 2, ukipumzika dakika moja katikati. Ikifika 180/110, hakuna mazoezi siku hiyo, aende hospitali. Ikikaa juu ya 140/90 kila ukipima, apate kwanza neno la daktari. Kwa Mtwara kuna hospitali ya Ligula, kwa Lindi kuna ya Sokoine.

Hatua ya 5. Sahani. Hapa niliwahi kuharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Usimwandikie mtu dayati ya kuku wa kuchoma na saladi wakati nyumbani kwake kuna sufuria moja na walaji saba. Pima kwanza anachokula tayari, siku 3, mojawapo iwe ya wikiendi. Kwa ugali, pima bakuli la unga kabla na baada ya kupika (mpishi huongeza unga akiwa anasonga, kwa hiyo usihesabu vikombe). Ukiiva, pima ugali mzima, kisha pima wa sahani yake. Unga gramu 500 ukitoa ugali wa gramu 1,400, na yeye akachukua gramu 420, amekula asilimia 30, yaani unga gramu 150. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takribani kalori 360. Jumla 540.

Kosa lenyewe ni kuchukua uzito wa ugali ulioiva ukauzidisha kwa namba ya unga mkavu. Gramu 420 zile zile zinageuka kalori 1,500 na ushei. Unaona mteja anakula kupita kiasi, unamkata nusu. Wiki ya pili anashikwa kizunguzungu akiinuka kwenye skwati (zoezi la kuchuchumaa na kuinuka), ya tatu hapokei simu.

ONYO: mafuta na tui havionekani sahanini. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120 hivi. Piga alama ya kalamu kwenye chupa kabla ya kupika na baada, ugawanye kwa walaji. Mara nyingi ukipunguza hapo, ugali hauguswi kabisa.

ONYO la pili: mgonjwa wa kisukari, mgonjwa wa figo, mjamzito. Mpango wao wa chakula unatoka kwa daktari au ofisa lishe. Wewe simamia mazoezi, kwa ruhusa ya wataalamu hao.

Hatua ya 6. Vipindi 3 kwa wiki, mwili mzima, uzito uongezwe kidogo kidogo.

Hatua ya 7. Usiuze siku moja moja. Uza vipindi 12 vya mwezi, nusu ilipwe kabla ya kipindi cha kwanza, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi iwe ndani ya bei. Minada ya korosho ikianza, Oktoba hivi, wapo watakaolipa miezi 3 kwa mkupuo. Pokea, ila hela hiyo igawanye miezi 3.

MASWALI

dogo_wa_chuno: Mkuu nipe dayati ya kutoa kitambi wiki 2.

*Jibu:* Hatua ya 5. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.

mtu_wa_tizi: Presha ni kupoteza muda. Mbona wengine hawapimi?

*Jibu:* Ni dakika 10. Presha ya juu mara nyingi haina dalili. Mwenye 190/115 anapiga stori na wewe kama kawaida. Wasiopima wasikufundishe kazi.

Binti Mikindani: Shikamoo kocha. Wateja wangu ni akina mama, hawapendi kuguswa kiunoni. Napimaje?

*Jibu:* Marahaba, binti. Umeuliza vizuri. Mwache ajipime, wewe soma namba. Futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, atoe pumzi kawaida, asibane tumbo. Mara 2, asubuhi kabla ya kula. Mazoezi yafanyieni uani: skwati za kukalia stuli, kupanda na kushuka ngazi ya baraza. Avae suruali chini ya dera, pindo alifunge fundo pembeni asijikwae.

Binti Mikindani: Ahsante. Na Ramadhani?

*Jibu:* Mazoezi mepesi nusu saa kabla ya futari. Mazito baada ya tarawehe, akishakunywa maji ya kutosha.

Mzee wa Shangani: Kocha, vijana ninaokimbia nao ufukweni wanalalamika maumivu juu ya kisigino.

*Jibu:* Shikamoo mzee wangu. Ni mchanga mlaini, kisigino kinazama na mshipa wa nyuma unavutika. Kimbieni kwenye mchanga mgumu uliolowa, maji yakitoka. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) alfajiri maji yanakuwa bado juu, kwa hiyo siku hizo hamieni barabarani. Ufukwe pia una mteremko: mkienda dakika 10, rudini dakika 10 kwa njia ile ile, mguu mmoja usibaki upande wa chini muda wote.

korosho_mbili: Dambeli zangu zimeliwa kutu na upepo wa bahari. Natumia ndoo ya mchanga, inafaa?

*Jibu:* Inafaa. Ndoo ya lita 10 ikijaa mchanga mkavu ni kilo 15 hadi 16. Ukilowa uzito unapanda, kwa hiyo funga kifuniko na uipime kila wiki. Mshikio ufunge kitambaa, waya unakata viganja. Dambeli zisugue kwa msasa, pangusa mafuta ya mashine, zilale ndani.