Jina lako likikosewa: namna ya kulinyoosha, mdomoni na kwenye karatasi

Naitwa Ng'washi. Nakaa Temeke, na kwa siku moja naweza kuitwa Nguashi, Mwashi na Magwashi. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la zahanati, nesi akaita "Magwashi" mara tatu. Sikujua ni mimi. Foleni ikanipita, na mtoto niliyembeba mgongoni ana homa. Ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa (cha NIDA) na vyeti vya shule, uvipange mezani. Soma herufi moja moja. Wengi tunalaumu watu kumbe karatasi zetu wenyewe hazikubaliani.

Hatua ya 2. Mpe mtu neno analolijua tayari. Mimi nasema: "Unaweza kusema ng'ombe? Anza hivyo hivyo, halafu malizia washi." Hapo hapo linatoka. Ukirudia jina tu kwa sauti kubwa, hasikii tofauti.

Hatua ya 3. Sahihisha siku ya kwanza. Ukinyamaza mwezi mzima kazini, lile la makosa ndilo litakaloandikwa mlangoni.

Hatua ya 4. Dirishani usilitaje, liandike kwa herufi kubwa umpe karani. Kabla hajabonyeza, omba uone kioo. Nasisitiza hili kuliko yote, kwa sababu baada ya hapo unazungushwa wewe, si yeye. Laini ya simu ikisajiliwa vibaya, anayekutumia hela anaona jina geni, anasita, anaghairi.

Hatua ya 5. Limeshakosewa? Nenda kwa wakili uape, upate hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kosa la cheti cha kuzaliwa hupelekwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kubadili jina kabisa ni jambo jingine: hiyo ni hati inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Maswali niliyoulizwa

*Wa Mbagala: Kompyuta inakataa ile alama ya ritifaa (') ya kwenye ng'. Nifanyeje?*
Fuata lilivyo kwenye NIDA, na ulishike hilo kila fomu. Ukiruhusiwa kuiweka, angalia simu isikuwekee ile iliyopinda. Kwa mashine, ya wima na ya kupinda ni alama mbili tofauti.

*Wa Tegeta: Nikiagiza chipsi natoa jina rahisi. Nakosea?*
Hapana, ndugu yangu. Chipsi haziendi kwenye faili.

*Wa Kigamboni: Mama mkwe ananikosea mwaka wa tatu. Nitamwambiaje mtu mzima?*
Si mbele za watu. Mngoje mkichambua mchele wawili, umwambie: "Mama, jina hili nilipewa la bibi yangu. Naomba tulitamke pamoja." Wangu alijaribu mara nne. Ya tano likatoka, akaniita tena kutoka uani bila haja yoyote, asikie tu linavyokaa mdomoni.