SOMO: Jina linalomfaa wa kike na wa kiume, kuanzia kulichagua hadi kuliandika

Kila wiki nakuta meseji tatu nne zenye swali lilelile: "Mama Faraja, nipe jina ambalo akija wa kike sawa, akija wa kiume sawa." Naweka yote hapa leo. Atakayeuliza kesho nitamwelekeza huku.

Hatua ya 1. Baba na mama mkubaliane kabla ya mwezi wa tisa wa mimba, na wakwe waambiwe mapema.

Hatua ya 2. Yajueni majina yenyewe. Ya Kiswahili yanayobeba wote ni Amani, Imani, Baraka, Bahati, Zawadi, Riziki, Tumaini, Furaha, Faraja, Nuru. Neema, Rehema na Upendo ukimpa wa kiume atachoka kujieleza, watu wameshazoea ni ya kike. Sisi Wasukuma tunayo yetu: Kulwa ni pacha anayetangulia, Doto anayefuata, Shija anazaliwa baada ya mapacha. Majina haya hayajali jinsia, yanaeleza mtoto alikujaje. Ila Mabula na Kabula msiyachanganye. Yote ni ya mvua, lakini Mabula ni wa kiume na Kabula ni wa kike. Kwa jirani zetu Wajaluo wa Rorya ni hivyohivyo, Ochieng mvulana, Achieng msichana. Herufi ya mwanzo tu ndiyo imebadilika.

Hatua ya 3. Liiteni kwa sauti, kama mnamwita mtoto atoke kwa jirani. Kisukuma cha asili hakina "r", kwa hiyo bibi wa Magu atasema Balaka, atasema Falaja. Hajakosea, ndivyo ulimi wake ulivyo. Jiulize tu kama utafurahi kulisikia hivyo kila siku. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: fa-RA-ja, i-MA-ni.

Hatua ya 4. Amueni tahajia moja, basi.

Hatua ya 5. Lilindeni kwenye karatasi. Hapa ndipo nilipoumia, someni taratibu.

Binti yangu alizaliwa siku chache baada ya arobaini ya baba yangu, ndiyo maana tukamwita Faraja. Nilikuwa nimelala hoi, mama yangu ndiye aliyekaa na mwandikishaji. Akaulizwa jina, akasema "Falaja", likaandikwa Falaja. Jinsia hakuulizwa. Jina la kati ni la baba wa mtoto, la mwisho ni la babu, yote ya kiume, aliyekuwa anaandika akajaza Me. Nikapokea, nikakunja, nikatia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, na cheti nacho kikatoka vilevile. Miaka minne sikusoma. Siku ya kumwandikisha awali, mwalimu akaangalia cheti akaniuliza, "Huyu mvulana umemwacha wapi?" Faraja yuko pale, kavaa gauni lake la njano, kanishika kidole. Ikaanza safari ya barua ya mtendaji, kiapo, nakala, rudi kesho. Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Kila "rudi kesho" ilikuwa siku bila mauzo. Kilichoniuma zaidi ni mtoto kuniuliza njiani kama yeye ni mvulana.

Kwa hiyo:
- Andikeni majina yote matatu ya mtoto kwa herufi kubwa kwenye karatasi, iwekeni juu kabisa kwenye mfuko wa kujifungulia, juu ya kanga. Muuguzi anakili, asisikilize.
- USIONDOKE dirishani hujasoma herufi kwa herufi, na jinsia pia. Ukiwa na jina la namna hii hakuna kingine kitakachomwambia mtu kwamba ni binti, maana jina la kati kwetu ni la baba.
- Kadi ya kliniki, tangazo la kizazi (karatasi mnayopewa mtoto akizaliwa) na cheti vifanane. Kosa la kadi linahamia kwenye cheti, linakwenda shule, linamsubiri NIDA, kwenye kitambulisho cha taifa, akifika miaka 18.
- Msajilini ndani ya siku 90. Mkichelewa, mlolongo unaongezeka.

Hatua ya 6. Mwiteni hilo jina nyumbani, ajizoee.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Naomba orodha ya majina ya kizungu.
Mama Faraja: Soma hatua ya 2.
Mdau wa Igoma: Nimesoma, sijaona ya kizungu.
Mama Faraja: Sijaweka kwa sababu siwezi kukuhakikishia mwalimu atayasomaje. Ukichagua Jordan, wapo watakaosoma Jodani, na mwenye Biblia atasema Yordani. Uko tayari? Mpe.

Kijana Buhongwa: Mimba ya kwanza hii, mke wangu kapenda Shija.
Mama Faraja: Wazee watauliza mapacha wako wapi. Mtakuwa mnajibu maisha yote.
Kijana Buhongwa: Siku hizi nani anafuata hayo, dada?
Mama Faraja: Mimi nafuata. Wewe amua, ni mtoto wako.

Bi Nansio: Shikamoo dada. Amani wanasema Uarabuni ni la kike, kweli? Mume wangu yuko Oman, tunamtarajia wa kiume.
Mama Faraja: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Kwa Kiarabu lipo Amani la kike, maana yake matamanio, nalo wanalivuta mwishoni. Amani yetu ya utulivu inatokana na neno lingine, aman. Kwenye herufi zetu yanafanana, ndipo mkanganyiko unapotokea. Rais wa Zanzibar wa 2000 hadi 2010 ni Amani Abeid Karume, mwanaume. Mpeni bila wasiwasi, na huko Oman baba yake ahakikishe jinsia imeandikwa sawa.
Bi Nansio: Asante sana. Na mimi niongeze: mnaovuka na kivuko, kadi ya kliniki itieni mifuko miwili. Yangu ililowa wino wote ukaondoka.
Mama Faraja: Na piga picha kwa simu kabla ya kupanda.

Baba Ng'wandu: Alama ya ng' kompyuta zingine zinaikataa.
Mama Faraja: Kweli kaka. Huku inaingia, kule inaondolewa, na karatasi hazifanani tena. Ukimpa jina lenye ng', kila fomu angalia wameandikaje.

Mama Mapacha: Doto ni "t" moja au mbili? Magazeti yule mwanasiasa Biteko naye wanamwandika mara Doto, mara Dotto.
Mama Faraja: Kwa matamshi moja inatosha. Ila fuata iliyoko kwenye cheti.
Mama Mapacha: Ndiyo nimetoka kufungua mfuko sasa hivi. Kadi ina moja, cheti kina mbili. Na Kulwa wangu kaandikwa Kurwa.
Mama Faraja: Wana umri gani?
Mama Mapacha: Miezi minane.
Mama Faraja: Bado mapema. Kesho asubuhi beba kadi zote, vyeti vyote na kitambulisho chako, nenda mwenyewe, usimtume mtu. Wakikuambia urudi, uliza unarudi na nini, uandike. Nitakuwa Mwaloni hadi saa nane, ukikwama nipigie nije tukae wote kwenye foleni.