Ufinyanzi, Rangi na Maonyesho: Namna ya Kukitumia Kituo cha Jumuiya ya Wayahudi Kilicho Jirani Yako

Kama unaishi katika mji mkubwa wa Marekani au Kanada, huenda umeshapita mara nyingi mbele ya jengo lenye herufi JCC ukadhani ni sinagogi. Si sinagogi. Ni kituo cha jumuiya ya Wayahudi, na ndani yake kuna bwawa la kuogelea, ukumbi wa mazoezi, chekechea na, katika vituo vingi, studio za sanaa. Uanachama uko wazi kwa watu wa dini zote na wasio na dini. Hakuna atakayekuuliza unasali wapi.

Mizizi ya vituo hivi ni vyama vya vijana wa Kiyahudi, cha kwanza kikiwa cha Baltimore mwaka 1854. Wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki walipomiminika baadaye, humo ndimo wengi walimojifunzia Kiingereza na kazi za mikono. Kinachojulikana zaidi kwa sanaa ni 92NY cha Manhattan, kilichoanza mwaka 1874, chenye studio za ufinyanzi, usonara, uchoraji na upakaji rangi. Toronto kuna Miles Nadal JCC, kwenye kona ya Bloor na Spadina. Kituo cha Pittsburgh, mtaa wa Squirrel Hill, kina jumba la sanaa ndani kwa ndani. Ndugu zetu wa London wanacho JW3, kilichofunguliwa mwaka 2013 kwenye barabara ya Finchley.

Ukiniuliza uanze na darasa gani, nitakwambia ufinyanzi, na sababu yangu ni ya kifedha. Kuchora unaweza kuchora mezani kwako jikoni. Tanuru huwezi kuliweka kwenye fleti. Chungu huchomwa mara mbili: kwanza kwenye joto la kama nyuzi 1,000 za Selsiasi kiwe kigumu lakini bado kinanyonya maji, kisha kinapakwa glezi, ile ngozi inayong'aa kama kioo, na kurudishwa motoni, mara nyingi kwenye nyuzi 1,200 na zaidi. Ada ya darasa ndiyo inayokununulia moto huo.

Kila mtu hukimbilia darasa la gurudumu la kufinyangia, lile linalozungusha udongo, kwa sababu ya video za mitandaoni, kwa hiyo ndilo linalojaa kwanza. Wewe uliza darasa la kufinyanga kwa mikono. Unaviringisha udongo uwe misokoto mirefu, unaipandisha duara juu ya duara, unaziba viungo kwa kidole gumba, kisha unalainisha kuta kwa kijiko au kokoto. Ukiwahi kumwona mama wa Kipare au wa Kiluo akifinyanga, unaijua kazi hii tayari. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia, hujenga vyombo vyake hivyo hivyo, bila gurudumu. Jambo moja tu la kukumbuka: udongo hunywea unapokauka na kuchomwa, kwa asilimia 10 au zaidi. Kikombe cha chai kitengeneze kikubwa kuliko unavyokitaka.

Sasa hela. Kuna bei ya mwanachama na bei ya asiye mwanachama, na kujiunga si lazima ili usome. Ukichukua darasa moja kwa mwaka, lipa bei ya nje. Uanachama unaanza kulipa pale familia inapotumia na bwawa. Kabla ya kutoa kadi, uliza mambo haya: je, udongo umo ndani ya ada au unauzwa kando (mfuko wa kawaida una uzito wa pauni 25, kama kilo 11)? Uchomaji unalipiwa kwa ukubwa wa kazi? Kuna saa za studio huru nje ya kipindi? Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, maana saa mbili na nusu kwa wiki hazikufikishi popote. Kisha uliza kuhusu msaada wa ada. Vituo vingi vina mfuko kwa ajili ya wenye kipato kidogo. Unajaza fomu, unaonyesha hati za mapato, na mambo yanabaki siri. Watu wetu huona haya kuomba, kisha nafasi hiyo inachukuliwa na mwingine asiye na haya.

Usisahau pia mama au mama mkwe aliyekuja kulea mjukuu na sasa amefungiwa ndani na theluji. Madarasa ya mchana yamejaa wastaafu, hayana haraka, na viza ya matembezi inaruhusu kozi fupi ya kujifurahisha isiyotoa cheti cha masomo. Kiingereza kidogo si kikwazo kwenye udongo, mikono inatosha.

Kalenda yao ndiyo inayowachanganya wageni. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku, kwa hiyo Ijumaa milango hufungwa mapema, na Jumamosi inategemea kituo. Septemba na Oktoba kuna mfululizo wa sikukuu: Rosh Hashanah, Yom Kippur, Sukkot. Zinafuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo tarehe huhama kila mwaka, jambo ambalo aliyezoea kusubiri Idi hatalishangaa. Muhula wa vuli unaweza kurukwa wiki kadhaa. Hesabu vipindi halisi kabla ya kulinganisha bei na studio nyingine.

Getini utakuta mlinzi, na utaonyesha kitambulisho. Usilichukulie kuwa ni wewe unayeshukiwa. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliua waumini 11 ndani ya sinagogi huko Pittsburgh, na tangu hapo ukaguzi umekazwa karibu kila mahali. Siku unayoleta picha kubwa iliyofungwa kwa karatasi, piga simu mapema jina lako liachwe mapokezi.

Chakula kina masharti. Nguruwe, kamba na kaa haviingii. Nyama na maziwa havichanganywi, kwa hiyo sambusa ya nyama na chai ya maziwa havikai meza moja. Wiki ya Pasaka yao hata chapati na maandazi hubaki nyumbani. Msomaji Mwislamu ataona mengi anayoyafahamu. Ila koshe, yaani chakula kinachofuata masharti hayo ya Kiyahudi, si halali moja kwa moja, kwani mvinyo wa koshe upo na hutolewa kwenye hafla. Kuhusu siasa za Mashariki ya Kati, kama zinakukosesha raha ya kuingia, huo ni uamuzi wako na hauhitaji maelezo kwa mtu.

Kutazama maonyesho ni rahisi: ukumbi mara nyingi uko kwenye korido au mapokezi, na kwa kawaida hakuna kiingilio. Nenda jioni ya ufunguzi, wasanii wenyewe huwepo. Mzee mmoja akikuuliza kuhusu "mpango wa Uganda", ujue anaongelea mwaka 1903, Waingereza walipowapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, ahadi ya ardhi ambayo kwa kweli iko Kenya, Uasin Gishu. Ahadi hiyo ilikataliwa mwaka 1905. Mtu wa Eldoret hapo ana hadithi ya jioni nzima.

Kutundika kazi yako mwenyewe ndiko kwenye kazi. Njia fupi ni maonyesho ya wanafunzi mwishoni mwa muhula, na anayepanga ni mwalimu wako. Njia ndefu ni mwito kwa wasanii: unatuma picha safi zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana bila fremu, vipimo, mwaka, malighafi na maelezo mafupi. Usiandike insha kuhusu "roho ya Afrika", wameisoma. Andika ulichokifanya na kwa nini umekifanya hivyo.

Ukikubaliwa, geuza fremu uangalie mgongo wake. Kile kibati chenye meno kinachokuja na fremu za dukani hukataliwa sana. Funga vipete viwili vya umbo la D, kimoja kila upande, theluthi moja kutoka juu, upitishe waya katikati ulegee kidogo lakini usionekane kwa mbele. Soma mkataba: kituo kinachukua asilimia ngapi picha ikiuzwa, bima inaanza lini, na nani analipa fremu ikivunjika. Chakula cha ufunguzi usikipike nyumbani kabla ya kuuliza, vingi vinataka kitoke jiko lenye cheti cha koshe.

Wanaochora Tingatinga wana tatizo la ziada. Edward Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, na harufu yake haivumiliki kwenye studio iliyofungwa jirani na chekechea. Tumia akriliki, kisha malizia na vanishi ya kung'aa isiyo na harufu. Macho hayatatofautisha sana. Vinyago vya mpingo navyo vimo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Kazi zilizokamilika zisizozidi kilo 10 kwa shehena ziliondolewa vibali mwaka 2019, lakini weka risiti. Chochote chenye pembe za ndovu kiache nyumbani.

Kabla ya kubandika bei, tazama viza yako. Kuonyesha si tatizo, kuuza ni jambo jingine: mwenye F-1, viza ya mwanafunzi ya Marekani, hana ruhusa ya kujiajiri, na azungumze kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Mwenye kadi ya kijani auze bila wasiwasi, atangaze tu mapato kwenye kodi. Na tarehe ya kuchukua kazi ukutani iandike kwenye simu siku ileile unayotia saini, kwa sababu mikataba mingi huanza kutoza ada ya hifadhi ukichelewa.