Kutafsiri hati za Kiswahili kwa maombi ya uhamiaji Marekani

Hukumu za Mahakama ya Mwanzo Tanzania huandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo aliyepewa talaka huko, akaolewa tena na sasa anaombewa na mumewe kwa fomu I-130 (ya kumwombea mwanafamilia uhamiaji), hana budi kuitafsiri hukumu yake. USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, wanataka tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na tamko la mfasiri kwamba ni kamili na sahihi, na kwamba anaimudu kazi ya kutafsiri kutoka lugha hiyo. Mimi naifanya hivi.

Hatua ya 1. Skani kurasa zote, mbele na nyuma. Mihuri mingi hugongwa nyuma.

Hatua ya 2. Tafsiri kila kilichopo: muhuri, namba ya shauri, cheo cha aliyesaini, hata maneno ya kalamu pembezoni. Pasiposomeka, sema hapasomeki, usikisie. Muhtasari haufai.

Hatua ya 3. Usisahihishe hati. Cheti kikisema Fatma na pasipoti ikasema Fatuma, tafsiri ibaki Fatma. Nimeombwa mara nyingi "nirekebishe kidogo tu", na hukataa, kwa sababu afisa anazo karatasi zote mbili mezani. Tofauti ya majina huelezwa kwa hati ya kiapo.

Hatua ya 4. Hapa nenda polepole. Tarehe 4/7/1991 kwetu ni mwezi wa saba. Mmarekani atasoma Aprili. Andika mwezi kwa jina lake. Saa 3 asubuhi ni saa 9 kwao, na "usiku wa kuamkia tarehe 5" unaanza tarehe 4. Kisha undugu. "Ndugu" aliyetangulia jina la mdaiwa ni neno la heshima, lakini ukimwita kaka kwa Kiingereza umeingiza kwenye faili uhusiano wa damu usiokuwepo. Baba mdogo naye ni mdogo wake baba, basi mwandike hivyo, asije akahesabiwa mzazi. Uhamiaji wa kifamilia unasimama juu ya nani ni nani kwa nani, kwa hiyo neno moja hapa lina uzito kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Hatua ya 5. Andika tamko kwa Kiingereza: jina la mfasiri, lugha, hati iliyotafsiriwa, sahihi, tarehe na anwani. Kila hati iwe na tamko lake. USCIS hawadai muhuri wa wakili, hivyo usilipie usichodaiwa. Mwombaji asijitafsirie, hata kama Kiingereza chake ni kizuri.

Hatua ya 6. Panga tafsiri, tamko na nakala ya hati ya Kiswahili pamoja.

Faili likienda Kanada, usitumie utaratibu huu. Huko ndugu wa mwombaji haruhusiwi kutafsiri hata akiwa mfasiri kwa taaluma, na mfasiri asiyethibitishwa na chama cha wafasiri huambatanisha hati ya kiapo.