Namna ya Kufuatilia Fedha za Vyama vya Kitaifa katika Kinyang'anyiro cha Seneti ya Jimbo Nchini Marekani

Msomaji wa Kenya akisikia neno seneta humwaza anayewakilisha kaunti yake jijini Nairobi, na msomaji wa Tanzania akisikia neno jimbo huwaza eneo linalomchagua mbunge mmoja. Kwa hiyo ni vyema kuyaweka maneno mahali pake kwanza. Katika mwongozo huu jimbo ni Virginia, Minnesota au New Jersey, yaani mojawapo ya sehemu 50 zinazounda Marekani, na Seneti si ile ya taifa, bali ni ya bunge la jimbo lenyewe. Hapo ndipo hutungwa sheria za shule, za utoaji mimba na za utaratibu wa kupiga kura, na katika majimbo mengi ndipo huchorwa mipaka ya maeneo ya uchaguzi, hata ya wabunge wa taifa. Sababu hii ya mwisho ndiyo iliyowafungua macho wafadhili wakubwa. Mwaka 2010, sensa ikiwa inakaribia kutoa nafasi ya kuchora mipaka upya, kamati ya chama cha Republican ijulikanayo kwa kifupi RSLC ilitumia takribani dola milioni 30 katika mpango ulioitwa REDMAP. Fedha hizo zingepotea bila kuonekana katika uchaguzi wa rais, lakini katika mabunge ya majimbo ziligeuza mizani.

Anayetaka kuelewa kinyang'anyiro cha aina hii aanze na hesabu ya viti, si ya dola. Tuchukue Virginia mwaka 2023. Viti vyote 40 vya Seneti vilikuwa vinashindaniwa chini ya mipaka mipya, Gavana Glenn Youngkin wa Republican alihitaji Seneti ili ajenda yake ipite, na hatimaye Democratic walibaki na viti 21 dhidi ya 19. Kiti kimoja tu kingekwenda upande wa pili, ingekuwa sare ya 20 kwa 20, na mwenye kura ya kuvunja sare alikuwa Makamu wa Gavana, Winsome Earle-Sears, naye pia wa Republican. Ukishaiona hesabu hiyo, utaelewa kwa nini wagombea wengi wa vyama vyote viwili hawakupata chochote cha maana kutoka nje, huku wachache wa maeneo kama Loudoun, Henrico na pembezoni mwa Fredericksburg wakimiminiwa fedha. Kamati ya kitaifa haimtafuti mgombea bora. Inatafuta kiti ambacho kikigeuka kinaigeuza Seneti nzima. Basi chukua matokeo ya uchaguzi uliopita wa gavana au wa rais ndani ya mipaka ya kila eneo, weka kando maeneo ambayo upande mmoja ulishinda kwa pengo kubwa, na yatakayobaki ndiyo ya kuyachunguza. Mara nyingi hayazidi vidole vya mikono miwili.

Tazama pia kalenda. Virginia na New Jersey huchagua mabunge yao katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi haina uchaguzi mkubwa, na hivyo fedha za taifa zima huwa na mahali pachache pa kwenda. Uchaguzi mdogo nao huleta hali hiyohiyo. Katika jimbo la Washington mwaka 2017, kiti cha eneo la 45, mashariki ya Seattle, kilibaki wazi baada ya seneta aliyekuwapo kufariki, na kiti hicho kimoja ndicho kilichoamua nani angeitawala Seneti. Gharama ya kinyang'anyiro ilizidi dola milioni 8, na Manka Dhingra wa Democratic alishinda.

Baada ya kujua kiti, tafuta mlango ambao fedha zimepitia, na hapa yafaa kwenda polepole kwa sababu ndipo wengi hupotea. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 2002, kamati kuu za kitaifa za vyama, yaani DNC ya Democratic na RNC ya Republican, haziruhusiwi kukusanya michango isiyo na kikomo wala fedha za makampuni, na hutoa hesabu zake kwa Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, FEC. Kamati zinazoshughulikia mabunge ya majimbo, yaani RSLC kwa upande wa Republican na DLCC kwa upande wa Democratic, hazimo katika kundi hilo. Zimeandikishwa chini ya sheria ya kodi, huweza kupokea michango mikubwa pamoja na ya makampuni, na taarifa zake hupatikana kwa mamlaka ya mapato, IRS. Atakayetafuta katika hesabu za FEC peke yake ataona sehemu ndogo ya picha na kudhani kwamba ameiona yote.

Kutoka kwenye kamati hizo fedha huingia jimboni kwa njia kadhaa. Huenda zikapewa mgombea moja kwa moja, pale sheria ya jimbo inapokubali. Virginia haina kikomo cha mchango kwa mgombea, kwa hiyo hundi ya mamilioni ni halali mradi itangazwe. Huenda zikapewa tawi la chama la jimbo, nalo likamlipia mgombea wataalamu, barua za kampeni na matangazo, kisha likaandika msaada huo kama mchango wa huduma badala ya fedha taslimu. Au huenda zikatumiwa na kundi linalojitegemea, ambalo halina ruhusa ya kupanga mambo pamoja na mgombea, na ambalo mara nyingi hubeba jina lisilosema lolote. Ukikutana na jina la namna hiyo, usiishie hapo. Fungua taarifa ya kundi lenyewe, umtafute aliyelipa fedha, kisha ufungue taarifa ya huyo aliyelipa, mpaka umfikie mtu, kampuni, chama cha wafanyakazi au kamati ya kitaifa. Kwa Virginia, shirika la Virginia Public Access Project limezipanga taarifa hizi vizuri sana. Kwa Minnesota ipo bodi ya serikali ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni, na jimbo la Washington hulazimisha matangazo yanayolipwa na makundi ya nje yataje wachangiaji wakuu 5.

Mlango una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, na ushahidi wake uko katika bei ya matangazo. Sheria ya shirikisho huvilazimisha vituo vya runinga kumtoza mgombea bei ya chini kabisa katika siku 60 za mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, lakini haiwapi nafuu hiyo watu wa nje. Dola iliyo mkononi mwa mgombea hununua muda mwingi hewani kuliko dola ileile mikononi mwa kundi la nje, na usijumlishe fedha za pande hizo mbili kana kwamba zina thamani moja. Mikataba ya matangazo ya kisiasa huwekwa na vituo katika faili za wazi kwenye tovuti ya FCC, tume ya shirikisho inayosimamia utangazaji. Mimi huanza huko kila ninapotaka kujua kampeni inaelekea wapi, kwa sababu muda wa hewani hununuliwa kabla watazamaji hawajaliona tangazo lenyewe.

Hatua inayofuata ni kusikiliza fedha hizo zinasema nini. Mwaka 2023 wagombea wa Democratic katika maeneo yenye ushindani ya Virginia walizungumzia haki ya kutoa mimba karibu kila walipofungua kinywa, nao Republican wakatetea pendekezo la Youngkin la kuweka kikomo cha wiki 15. Hoja hizo zilikuwa za kweli na zilihusu maisha ya watu, lakini foleni za barabarani na kodi za nyumba za eneo fulani hazikupata nafasi sawa. Linganisha tovuti ya mgombea ya mwezi Machi na matangazo yake ya mwezi Oktoba. Mahali yanapotofautiana, mara nyingi utaona mkono wa wataalamu waliokuja pamoja na fedha. Jambo hili linanisikitisha, maana seneta wa jimbo ndiye kiongozi ambaye mwananchi wa kawaida angeweza kumfikia kwa shida iliyo mlangoni pake.

Hata hivyo usikadirie mshindi kwa kutazama hazina. Katika eneo la 3 la New Jersey mwaka 2017, kinyang'anyiro cha kiti cha Stephen Sweeney, aliyekuwa Rais wa Seneti, kiligharimu zaidi ya dola milioni 18, na Sweeney alishinda kwa urahisi. Miaka minne baadaye aliangushwa na Edward Durr, dereva wa lori ambaye kampeni yake ilikuwa na fedha kidogo mno. Fedha za kitaifa hazikumtazama Durr kwa sababu hakuna aliyekihesabu kiti hicho miongoni mwa vyenye ushindani.

Kwa wasomaji wetu walioko Marekani kuna tahadhari moja ya kisheria. Asiye raia na asiye na ukaazi wa kudumu, kama mwanafunzi au mfanyakazi mwenye viza, amekatazwa kuchangia uchaguzi wowote, uwe wa taifa, wa jimbo au wa mji, na katazo hilo linahusu hata bahasha ndogo inayopitishwa katika harambee ya mgombea tunayemfahamu. Kujitolea bila malipo kunaruhusiwa.

Mwisho, usifunge daftari lako siku ya kupiga kura. Michango mikubwa ya siku za mwisho hutangazwa haraka katika majimbo kama Virginia, lakini hesabu kamili, pamoja na madeni ya kampeni na huduma ambazo chama kilizilipia, huja wiki kadhaa baada ya matokeo. Rudi uzisome, uzilinganishe na ulichoandika mwezi Oktoba, na usahihishe majumla yako kabla hujaanza kuchunguza uchaguzi mwingine.