Antibodi ya MYC: angalia kloni kwanza

Mnaofanya kazi na MYC (protini inayochochea seli kukua na kugawanyika), kabla hamjaagiza antibodi ya kuitambua angalieni jina la kloni (toleo la antibodi, kila moja hushika kipande chake), jina la jeni peke yake halitoshi. Kloni 9E10 ambayo iko kwenye friza za maabara nyingi toka miaka ya 80 ilitengenezwa kwa kipande cha mwisho wa MYC ya binadamu, na humohumo ndo zimetoka zile amino asidi 10, EQKLISEEDL, ambazo watu wanazibandika kwenye protini zingine kama tagi (alama ya kuitambulisha protini), sasa we una seli za saratani za binadamu zenye MYC kibao halafu umeingiza protini yako yenye tagi ya Myc, antibodi itashika zote mbili na hutajua unaangalia ipi, bora utumie tagi nyingine kabisa kama FLAG au HA. Seli za panya je? 9E10 haishiki vizuri MYC yao, jaribu kloni Y69 ya sungura, inashika upande wa mwanzo wa protini.

Hesabu ya uzito wa protini inasema kilodaltoni 49 ila kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa MYC inakaa kama 57 mpaka 65, usishtuke.

Kujua kama antibodi imeshika MYC kweli, kipimo ninachokiamini zaidi ni saikloheksimaidi, dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya. Weka, vuna seli kila dakika 15, MYC nusu yake hupotea ndani ya kama dakika 20 au 30, kwa hiyo mstari wa protini ambao saa nzima haujapungua hata kidogo utilie shaka sana, labda kama saratani yenyewe ina mabadiliko pale T58 (amino asidi ya 58 ya MYC) yanayoifanya MYC idumu.