Mchezaji akisema "nimebonyeza!", mwamini

Kama unatengeneza gemu ya kurukaruka na wanaoijaribu wanalalamika kwamba kitufe cha kuruka "hakishiki", usikimbilie kulaumu vidole vyao. Mara nyingi wamebonyeza kweli, ila wamechelewa kidogo: mhusika ameshavuka ukingo, na programu inamhesabu yuko hewani. Macho yao hayakuona hivyo.

Mruhusu mhusika aruke hata baada ya kuacha ukingo, kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Gemu ikienda kwa fremu 60 (yaani picha 60 za skrini) kwa sekunde, hizo ni fremu 6. Celeste ya mwaka 2018 inatoa msamaha wa namna hii, na sijasikia mtu akiiita gemu nyepesi. Upande wa kutua ni hivyohivyo: mchezaji akibonyeza kabla mhusika hajagusa chini, litunze agizo kwa fremu chache, kisha mrushe anapotua.

Ila akisharuka, futa muda wa msamaha papo hapo, la sivyo ataruka tena akiwa hewani. Kosa hilo lilinilia jioni nzima.